Muhuri ni deni, si zawadi

Wandugu vijana wa Kalemie, wa Kataki, wa Kamkolobondo, wa kando ya ziwa na wa ng'ambo ya Lukuga, na ninyi mnaotusoma kwenye simu toka Moba, Manono, Nyunzu, Kongolo na Kabalo,

Kuna sentensi tatu ambazo kila mtu wa mji huu anazijua bila kufundishwa. Ya kwanza: "Shefu hayuko." Ya pili: "Rudia kesho." Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini, macho yakiangalia mlango: "Sasa sisi utatuachia nini?"

Leo hatuandiki juu ya wizi mkubwa wa mamilioni. Tunaandika juu ya kitu kidogo sana: saini. Saini ya karani, saini ya bourgmestre, saini ya mkuu wa polisi, muhuri unaokaa ndani ya droo yenye ufunguo. Juu ya saini hiyo mama anayeuza ndagala anapoteza siku tatu za soko. Juu ya saini hiyo mtoto anakosa jina mbele ya Leta. Juu ya saini hiyo kijana analala cachot usiku ambao sheria ilikwisha kusema asilale.

Na tumezoea kuomba. Tunaingia ofisini tumeinamisha kichwa, tunasema "tafadhali shefu, utusaidie", na tukipewa karatasi tunashukuru kama tumepewa mbuzi. Sisi tunasema: basi. Saini nyingi tunazoombea si mali ya mwenye kalamu. Sheria ilikwisha kuamua kabla hata hatujafika mlangoni. Mtumishi amebakiza kazi moja tu, kusaini. Asiposaini, hajatunyima msaada. Ametunyima haki, na kuna jina la kosa hilo.

KAZI ZA LETA NI ZA NAMNA MBILI

Wakubwa wanapenda tuchanganye hizi mbili. Kwa hiyo tuzitenganishe.

Namna ya kwanza ni kazi yenye uchaguzi. Tuseme makuta ya komini yanatosha kutengeneza avenyu moja tu, na zilizoharibiwa na maji ya ziwa ni nyingi. Ianze ipi? Hapo sheria haitoi jibu. Mkubwa anapima, anasikiliza watu, anaamua. Tunaweza kumkosoa, tunaweza kumwambia ameamua vibaya, lakini hatuwezi kusema kwamba sheria ilimlazimisha aanze na avenyu yetu. Wanasheria wetu wanaiita "pouvoir discrétionnaire". Sisi tuseme mamlaka ya hiari. Na hata hiari hiyo ina mipaka. Hawezi kuchagua avenyu kwa kuangalia kabila la watu wanaokaa pale, ama kwa sababu shemeji yake amejenga pale. Katika jimbo ambalo Watwa na Waluba wamezikana kwa sababu ya siasa ya kabila, mpaka huu tusiuchezee.

Namna ya pili ni kazi isiyo na uchaguzi. Sheria inasema: mtu akileta hiki na hiki, ndani ya muda fulani, mtumishi anafanya kile. Kwisha. Wanasheria wanaiita "compétence liée", mamlaka iliyofungwa. Imefungwa na sheria, kama mtumbwi uliofungwa kwenye mti. Hauendi kushoto, hauendi kulia.

Hatusemi mtumishi awe mashine ya kupiga muhuri. Ana kazi ya kuangalia kama masharti yametimia, na kazi hiyo ni ya maana. Karatasi ya uongo airudishe. Kama kitu kimekosekana, aseme kimekosekana nini, ili mtu akilete. Lakini akishaona kwamba vyote vipo, hana jibu la pili. Hana "nitaona". Hana "nitafikiri". Hana "kwanza tujuane".

Ukitaka kujua uko mbele ya kazi ya namna gani, jiulize swali moja: kama nimetimiza yote ambayo sheria inadai, je, sheria inamwachia huyu bwana majibu mawili ama jibu moja? Kama ni moja, basi hujaja kuomba. Umekuja kuchukua.

MTOTO MWENYE SIKU 90

Tuanze na kile kinachogusa kila nyumba: acte de naissance.

Code de la famille ni sheria ya 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema kizazi kinatangazwa mbele ya ofisa wa état civil ndani ya siku 90. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inasema mtoto ana haki ya kuandikwa. Ndani ya siku hizo 90, kuandikisha ni bure. Mzazi anakuja, anatangaza, anaonyesha karatasi ya hospitali, ofisa anaandika katika kitabu. Hakuna mahali ambapo sheria inamuuliza ofisa kama anampenda mzazi huyo, kama anajua luga yake, kama alimpigia kura nani, kama anatoka kambi ya wakimbizi wa ndani ama anatoka villa ya kando ya ziwa.

Na wazazi wenzetu wasidanganyike: karatasi ya hospitali si acte de naissance. Hospitali inashuhudia kwamba mtoto alizaliwa. Ni kitabu cha état civil kinachomfanya ajulikane mbele ya Leta. Wengi wanaiweka ile ya hospitali kwenye sanduku miaka kumi wakidhani kazi imekwisha.

Sasa angalia mchezo. Mama anafika siku ya 60. Anaambiwa shefu hayuko. Anarudi siku ya 70, registre imekwisha. Anarudi siku ya 80, anaambiwa alete "ya karatasi". Hana. Siku ya 91 inafika, na mlango umefungwa na sheria ile ile. Kuanzia hapo ofisa hawezi tena kuandika mpaka kuwe na hukumu ya mahakama, ile wanayoiita jugement supplétif. Hukumu inataka safari, barua, mashahidi, makuta na siku zingine za soko.

Hapo ndipo tunataka kila mtu afungue macho. Kuchelewesha si kungojesha tu. Kuchelewesha ni kukataa, bila kuandika neno "nakataa". Yule aliyesema "rudia kesho" hakusaini kitu, hakukosea mbele ya mtu, jina lake halionekani popote. Lakini amechukua haki iliyokuwa bure, ameigeuza kuwa kesi ya kulipia, na mzigo ameuweka juu ya kichwa cha mama.

Na mtoto? Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo yetu, mtoto mmoja tu kati ya wanne wa chini ya miaka 5 ndiye alikuwa ameandikwa. Katika jimbo letu, vita ya Watwa na Waluba ilifukuza watu kwa maelfu na maelfu, na watoto wakazaliwa chini ya mahema kuzunguka mji huu. Mtoto asiye na karatasi anakua, anafika siku ya mtihani, siku ya kuonyesha yeye ni Mkongomani, siku ya kuthibitisha kwamba hajafika miaka 18 asichukuliwe na watu wa bunduki. Siku hiyo ndiyo inauliza: nani alisema "rudia kesho"?

BARUA YA KUJULISHA SI BARUA YA KUOMBA

Kila Mkongomani anajua Article 15, ile ya mzaha, "jitafutie mwenyewe". Wachache wanajua kifungu cha 26, na hicho kimeandikwa kweli katika Katiba ya 18 Februari 2006.

Kifungu cha 26 kinasema uhuru wa kuandamana unahakikishwa. Kisha kinawapa waandaaji sharti moja kwa maandamano ya barabarani na ya mahali pa wazi: wamjulishe kwa maandishi mkubwa wa utawala anayehusika. Soma tena: wamjulishe. Kitenzi ni kujulisha. Hakikusema kuomba ruhusa.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti kati ya raia na mtumwa. Ninapokuomba ruhusa, una majibu mawili, ndiyo ama hapana. Ninapokujulisha, una kazi: kupokea barua, kuandika kwamba umeipokea, na kupanga namna ya kulinda watu. Unaweza kutuita tuzungumze njia ya kupita, ili tusikutane na gari za bandari ama na msiba. Hiyo ni akili, na tutakuja. Kifungu cha 182 kinawapa polisi kazi ya usalama wa watu na mali zao, na anayeandamana naye ni mtu.

Lakini mara ngapi tumesikia: "Maandamano hayo hayakuruhusiwa"? Sentensi hiyo inasomwa redioni kwa sauti nzito, na watu wanaogopa. Kwa Katiba yetu, sentensi hiyo haina maana. Ni kama mtu kusema "mvua ya jana haikuruhusiwa".

Wakubwa wengine wanatoa karatasi ya zamani: décret-loi n° 196 ya 29 Januari 1999, iliyozungumza juu ya ruhusa. Tunaijua. Ilitoka wakati wa vita, miaka 7 kabla ya Katiba hii. Na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 221, inasema sheria za zamani zinabaki kama hazipingani nayo. Ikiwa karatasi ya 1999 inadai ruhusa na Katiba ya 2006 inadai taarifa, nani anashinda? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa droit anaweza kujibu.

Wengine wanasema: usalama. Hatuchezi na usalama, sisi ni watoto wa jimbo hili, tumezika ndugu. Lakini état de siège iliyotangazwa Mei 2021 ilikuwa ya Ituri na Nord-Kivu. Mkubwa wa Kalemie asijivike kofia ya jimbo lingine. Kama ana hofu ya kweli, aiandike, aisaini, atuite tuongee. Hofu isiyoandikwa hatuwezi kuijibu, na hakuna hakimu anayeweza kuipima.

Na mchezo wa mwisho tunaujua zaidi kuliko yote, kwa sababu umetupata sisi wenyewe katika ofisi moja ambayo hatutaitaja leo. Barua inafika, karani anaisoma mpaka mwisho, halafu anairudisha mkononi: "Hii siwezi kuipokea." Hakatai maandamano. Anakataa kupiga muhuri wa kupokea, accusé de réception. Kesho yake tunaambiwa hatukujulisha mtu. Ndugu, kupokea barua ni kazi iliyofungwa kuliko zote. Muhuri wa kupokea hausemi mkubwa amekubali. Unasema tu: karatasi hii ilifika hapa, siku hii. Kukataa kusema kwamba kitu kilichofika kimefika ni kusema uongo kwa kunyamaza.

SAA YA 49

Mfano wa tatu ni mfupi, na kila motari na kila mwanafunzi aushike kichwani. Kifungu cha 18 cha Katiba: mtu aliyekamatwa anaambiwa sababu mara moja, katika luga anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake ama mwanasheria wake. Garde à vue haipiti saa 48. Saa hizo zikiisha, anaachiliwa ama anapelekwa mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika.

Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa jamaa wamechelewa kuleta kitu". Hakuna "isipokuwa ni wikendi". Mkuu wa kituo ana uchaguzi ndani ya saa 48: achunguze, aulize, aachilie mapema. Kwenye saa ya 49 hana uchaguzi wowote. Kila dakika inayozidi, yeye ndiye anavunja sheria, na code pénal, katika kifungu cha 180, inamwadhibu mtumishi anayefanya kitendo cha kiholela dhidi ya uhuru na haki za watu.

HATA RAIS

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya makarani wadogo, wakubwa wenyewe wanaamua wanavyotaka. Hapana. Hata mtu aliye juu kabisa, sheria inafunga baadhi ya kazi zake. Tuvuke ziwa, tupite Tanzania, tufike Kenya.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 166, inasema rais anateua majaji kufuatana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Tume inachuja, inahoji, inachagua. Rais anasaini. Katikati ya 2019 tume ilipeleka majina 41. Rais Uhuru Kenyatta hakusaini, akasema ana habari mbaya juu ya baadhi yao. Raia akaenda mahakamani. Tarehe 6 Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema: rais hana hiari hapa, kazi ya kuchuja ilikwisha kufanywa na wenye kazi hiyo, yeye ateue. Hakuteua. Mmoja wa wale 41 akafariki akiwa bado anangojea saini. Juni 2021 rais akateua 34, akaacha 6.

Septemba 2022 William Ruto akaapishwa kuwa rais. Siku ileile, tarehe 13, akawateua wale 6, na kesho yake wakaapishwa. Sheria haikubadilika hata herufi moja kati ya 2019 na 2022. Majina yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mkono uliobeba kalamu tu. Saini iliyoshindikana miaka 3 ilipatikana kwa siku moja.

Tunajifunza mambo mawili pale. La kwanza: mamlaka iliyofungwa inamfunga hata rais, na mahakama inaweza kumwambia hivyo mchana kweupe. La pili ni chungu: hukumu peke yake haisukumi kalamu. Bila watu wanaoendelea kudai, karatasi ya hakimu nayo inaweza kulala mezani kama karatasi ya mama wa ndagala.

Na jambo hili si la Afrika tu. Marekani, mwaka 1803, mtu aitwaye William Marbury alikuwa na hati ya uhakimu iliyokwisha kusainiwa na kupigwa muhuri, ikabaki ofisini kwa sababu serikali mpya haikutaka kumpa. Hakimu mkuu John Marshall aliandika kwamba hati ile ilikuwa haki yake, na kumnyima ni kuvunja haki. Kisha akasema mahakama yake haikuwa na mamlaka ya kutoa amri ile katika kesi iliyoanzia pale. Marbury alikuwa na haki, na hati hakuipata. Miaka zaidi ya 200, na droo bado ni ileile.

WANAVYOTUJIBU

"Watumishi hawalipwi." Ni kweli kwamba wengi wanalipwa kidogo sana, na wengine hawalipwi kabisa. Hatuwachekelei. Lakini fikiri mpaka mwisho: mshahara wa karani ni nini? Nao ni deni. Yule anayekaa Kinshasa na kuchelewesha mshahara wa karani anafanya dhambi ileile ambayo karani anamfanyia mama wa ndagala. Ndugu karani, tukidai kwamba kazi ya sheria ifanywe bila kubembelezwa, tunadai pia kwa ajili yako. Njoo tudai pamoja huko juu. Usikusanye deni lako kwa mtu ambaye hakukukopa. Code pénal, katika kifungu cha 147, inamgusa mtumishi anayepokea zawadi ili afanye kitendo cha kazi yake, hata kama kitendo chenyewe ni cha haki, ikiwa hakilipiwi. Na kifungu cha 146 kinamgusa anayedai kodi ama malipo ambayo anajua hayadaiwi. Matabishi si heshima. Ni kosa lenye namba.

"Ni amri toka juu." Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa si halali. Tunajua kifungu hicho kinamtaka anayekataa athibitishe kwamba amri ilikuwa hivyo, na tunajua kukataa mbele ya mkubwa si mchezo. Ndiyo maana tunasema kwa kila mtumishi mwema, na wapo: omba amri hiyo kwa maandishi. Amri nyingi mbaya zinakufa pale zinapoombwa karatasi.

"Ninyi vijana mnaleta fujo." Fujo ni nini? Kijana aliyekuja na barua mbili na kalamu, akiomba muhuri wa kupokea? Fujo ni ofisi isiyojua leo itadai kiasi gani na kesho itadai kiasi gani. Fujo ni sheria kubadilika kufuatana na hali ya tumbo la mwenye muhuri. Sisi ndio tunaoomba utaratibu.

TUNACHODAI

Kwa wakubwa wa mji, wa komini na wa jimbo:

1. Kila ofisi ibandike ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, karatasi zinazotolewa pale, masharti yake, bei yake ya kweli na muda wake. Kilicho bure kiandikwe BURE.

2. Kila barua inayoletwa ipigwe muhuri wa kupokea, na tarehe, hapohapo. Hata barua inayowaudhi.

3. Anayekataa aandike. "Nakataa kwa sababu ya kifungu fulani", na jina lake chini. Asiyeweza kuandika sababu hana sababu.

4. État civil ifuate watoto walipo: kwenye maternité, kwenye kambi, kwenye vijiji. Siku 90 ni chache kwa mtu anayetembea kwa miguu.

NA WEWE, KIJANA

Usingojee sisi. Fanya hivi kuanzia leo.

Andika barua nakala mbili. Moja inabaki ofisini, moja inarudi na muhuri. Wakikataa kupiga muhuri, andika juu ya nakala yako siku, saa, ofisi na maneno waliyosema, na waliokuwa nawe wasaini kama mashahidi. Ndiyo maana usiende peke yako.

Usilipe kitu bila quittance. Sema kwa upole: "Sawa shefu, naomba risiti." Utashangaa jinsi bei inavyoshuka, mara nyingine mpaka sifuri.

Uliza swali la majibu mawili ama moja: "Shefu, kuna sharti gani ambalo sijatimiza?" Akilitaja, lilete. Asipolitaja, kaa ungojee. Bila matusi, bila kupiga meza.

Tumia kifungu cha 27. Kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi, yaani pétition, kwa mkubwa wa serikali, na mkubwa anajibu ndani ya miezi 3. Na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka pétition. Kujibu nako ni kazi iliyofungwa. Anaweza kujibu "hapana", lakini hawezi kunyamaza.

Ikishindikana, sheria n° 16/027 ya 15 Oktoba 2016 inapanga mahakama za kiutawala, ambako raia anaweza kushitaki kitendo cha mkubwa. Mlango wa kwanza ni barua ya malalamiko kwa mkubwa mwenyewe. Nakala yako yenye tarehe ndiyo itakayosema mbele ya hakimu kwamba ulianza vizuri. Muone mwanasheria mapema, kwa sababu siku zinahesabiwa upande wetu pia.

Na wewe uliyesoma, uliye na simu na Kifaransa kidogo, una deni kwa asiye navyo. Jumatatu msindikize jirani yako état civil. Mtoto wake ana siku ngapi? Uliza leo. Kama ni siku ya 85, acha hii karatasi ya sisi, nenda sasa.

Sisi hatuchukii Leta. Leta ni mali yetu, kalamu ni yetu, wino ni wetu, kiti anachokalia shefu ni cha watoto wa jimbo hili. Tunachokataa ni mtu kukalia haki yetu halafu kutuuzia vipande vipande. Tutakuja ofisini asubuhi, tumevaa vizuri, tumenyamaza, na karatasi zetu zimekamilika. Hatutainamisha kichwa, na tukipewa kilicho chetu tutasema "asante kwa kazi", si "asante kwa huruma".

Wakubwa, mmejulishwa.

Imeandikwa Kalemie, na vijana wa Kalemie.